Laini ya Nyumbani kwa Mama Nanjala

Mke wangu husema viti vya nyumba hii vina miba. Nikikaa dakika tano, nasimama. Nikisimama, naenda dirishani, naangalia mnara wa simu ulio ng'ambo ya shamba la jirani, halafu narudi. Hata haya ninayowaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuunganisha watu na mtandao, nayaandika kwa vipande, na chai imepoa mara mbili. Mnivumilie nikirukaruka. Nimefanya kazi ya waya na minara Kitale na Bungoma karibu maisha yangu yote, na kati ya siku zote hizo kuna moja ambayo hainiachi nikae.

Nitaifikia. Kwanza niwaambie kwa nini nimeshika kalamu.

Wiki iliyopita nilikuwa Kitale mjini, nimesimama mlangoni mwa duka moja la simu nikingoja mvua ipungue. Ndani, kijana wa rika lenu alikuwa anamuuzia mama mmoja kifaa cha mtandao. Yule mama akauliza kama kitafaa kwa kazi yake. Kijana hata hakumuuliza kazi yenyewe ni ipi. Akasema, "Mathe, net ni net bana. Si bora iwake?"

Nilihisi masikio yanawaka moto. Sikukasirikia yule kijana. Maneno yale yalikuwa yangu, karibu neno kwa neno, niliyasema yeye akiwa bado ananyonya. Nikatoka, nikatembea kwenye mvua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Masinde, fundi wa nguzo tangu enzi za simu za kuzungusha. Mtu wa Bungoma, mfupi, mpole hadi anaudhi. Mimi nilikuwa na haraka ya ng'ombe aliyeona chumvi. Tukitumwa kwenye nyumba iliyokatika simu, mimi nishapanda nguzo, yeye bado yuko mlangoni anapiga hodi, anakaribishwa, anauliza habari za watoto. Kisha swali lake: "Mama, hii simu yenu munaitumiaga kufanya nini?" Mimi huko juu nasaga meno. Swali gani hilo? Simu si ya kuongea?

Siku moja tulikuwa Matisi, na nyumba tatu zilikuwa zimekatika simu. Mbili za wakubwa wa ofisi, moja ya bibi mzee aliyekaa kwenye nyumba ya mabati yaliyotoboka. Mimi nikabeba ngazi moja kwa moja kwa wakubwa. Masinde akaenda kwa bibi, akauliza swali lake, akatoka mbio. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikimbia. "Wafula, rudisha ngazi! Anza hapa!" Kumbe yule bibi alikuwa mkunga. Mtaa mzima, mke wa mtu akishikwa na uchungu, simu iliyopigwa ni hiyo.

Tukirudi, akaniambia, "Raini haipimwi kwa waya bana. Inapimwa kwa mtu mwenye ako mwisho wake."

Mimi nikacheka. Jioni nikamwigiza mbele ya marafiki zangu, na "raini" yake hiyo, wakacheka hadi machozi. Siku hizo nilijua kila kitu.

Ngoja nizime jiko, naona maziwa yanataka kumwagika.

Basi. Internet ikaja. Kwanza ilipita kwenye waya wa simu, ikilia kama paka wawili wanaogombana, na ukitaka kupiga simu lazima uikate. Baadaye makampuni yakaleta modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, zinazoshika mnara ule ule wa simu za mkononi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya kuajiriwa, nimefungua duka Kitale. Niliuza modemu, nikapanda juu ya mapaa kufunga dishi, na nilikuwa wakala wa kujaza fomu za wateja. Duka langu mwenyewe lilikuwa na laini ya biashara, yenye dishi lake juu ya paa. Nilikuwa najivunia dishi hilo kuliko harusi yangu, na mke wangu analijua hilo.

Tofauti ya laini ya nyumbani na ya biashara nilifundishwa na Bwana Singh. Huyu alikuwa na duka la vipuri vya trekta Bungoma na stoo nyingine Kitale. Alitaka akikaa Bungoma aone kwenye kompyuta ni vipuri gani vimebaki Kitale. Nikamwekea laini ya nyumbani kule stoo. Ikafanya kazi siku hiyo hiyo, akanipeleka nikala, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi, simu inalia. "Fundi, leo Kitale iko wapi?"

Shida ni hii. Laini ya nyumbani, kampuni hubadilisha anwani yake ya mtandaoni, ile nambari ya kuipata, kila inapotaka. Ukiwa unasoma habari zako huwezi kujua, kwa sababu wewe ndiye unayetoka kwenda kutafuta. Lakini mtu akitaka kukujia kutoka nje, atabisha kwenye nyumba uliyohama jana. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda stoo, nikaangalia anwani mpya, nikampigia Bwana Singh nikamsomea. Wiki mbili nzima. Mpaka makarani wake wakawa wananisalimia hivyo barabarani: "Fundi, Kitale imehamia wapi leo?" Jina hilo la Kitale lilikaribia kunishika kabisa.

Mwishowe nikamwekea laini ya biashara. Anwani haihami. Kupeleka ni haraka sawa na kupokea. Na kuna mkataba wenye jina la mtu wa kumpigia ikikatika, na saa ambazo lazima awe ameitengeneza. Baada ya hapo sikusikia sauti ya Bwana Singh kwa miezi. Katika kazi yetu, mteja akinyamaza ndiyo sifa.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo nataka mlishike vizuri. Mtu asiwaambie ati Wafula hakujua.

Mama Nanjala alikaa mahali paitwapo Kwanza, mwendo kidogo nje ya Kitale. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama majirani waliochoka kulima mahindi peke yake mwaka baada ya mwaka, wakapanda pasheni. Mipasheni yao ilipanda juu ya nyaya safi, imenyooka, ukipita barabarani unasimama kuangalia. Walikuwa wamepata mnunuzi Nairobi aliyepeleka matunda ng'ambo kwa ndege.

Alinialika nyumbani kwake nimwekee internet, na akinimiminia chai akanieleza kila kitu. Siku ya mavuno, sharti apeleke kwa imeili orodha ya katoni, kila moja imetoka shamba la nani, pamoja na picha ya karatasi ya mkaguzi. Iwe imefika kabla ya saa nane mchana. Ikifika, lori la mnunuzi linakuja na nafasi kwenye ndege ni yao. Isipofika, nafasi wanapewa wengine, na pasheni hazingoji, zikikunja ngozi hakuna anayezitaka huko ng'ambo. Walikuwa wameshachelewa mara mbili, kwa sababu karatasi walikuwa wakizituma kwa basi. Mnunuzi alikuwa amemwambia wazi: mara ya tatu, tumeachana.

"Hawa wamama wananiangalia mimi, fundi," akasema. "Wengine waling'oa mahindi ndio wapande hii kitu. Waume wao walikataa, mimi ndiyo niliwashawishi."

Mnadhani nilisikia? Nilisikia kwa sikio moja. Macho yangu yalikuwa yanazunguka sebule. Makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono. Juu ya redio, kitambaa. Juu ya meza, kitambaa, na juu ya kompyuta ambayo kikundi kilikuwa kimeinunua imetumika, kitambaa kikubwa kuliko vyote, chenye maua. Kuku alipita mlangoni akachungulia. Nikajiambia, hii ni nyumba.

Kwa Bwana Singh kulikuwa na kaunta, rafu na karani mwenye kalamu sikioni. Hapo nilijua kutofautisha.

Nikatoa fomu. Juu kabisa kulikuwa na visanduku viwili: Nyumbani, na Biashara. Nikatia alama Nyumbani, sikumuuliza. Nikachomeka modemu, nikafungua ukurasa mmoja wa magazeti, ukaja haraka, Mama Nanjala akapiga makofi. Hapo pia sikilizeni kosa la pili: nilijaribu kupokea. Sikujaribu kupeleka. Laini za nyumbani hutengenezewa watu wa kupokea, wanaosoma na kutazama picha. Mlango wa kutokea ni mdogo sana, na kazi ya mama huyu yote ilikuwa ya kupeleka.

Nikiwa nafunga mkoba, akaniuliza, "Hii ni ile ile iko kwa duka yako, si ndiyo?"

Nikamjibu, "Mama, internet ni internet."

Nimesimama tena. Mke wangu ananiangalia tu.

Ilifanya kazi miezi kadhaa. Karatasi zilichelewa kidogo lakini zikafika. Halafu ikaja Agosti ya mwaka wa tohara.

Nyinyi wa Bungoma hamhitaji kuelezwa. Kwetu Wabukusu vijana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Ukifika mwaka wenyewe, hakuna anayebaki Nairobi. Wanakuja na magari, na watoto, na simu, na kompyuta za mapajani na modemu zao, wanajaa vijijini kuanzia Bungoma hadi Kwanza. Na wote wanashika ile minara michache michache iliyojengewa wakulima waliokuwa wakipiga simu mbili kwa siku. Laini ya nyumbani ni kama bomba la maji la mtaa. Wakija watu wengi na ndoo, unapata matone, na huna wa kulaumu, kwa sababu hakuna aliyekuahidi ndoo itajaa. Mimi ni Mbukusu. Nilipaswa kuona jambo hilo likija kutoka mbali kama mvua ya mlimani. Sikuona, kwa sababu nami nilikuwa nimefunga duka nimeenda nyumbani Bungoma. Mwana wa dada yangu alikuwa anatahiriwa kesho yake, na mjomba mtu ndiye huchinja ng'ombe na kumvika mpwa wake shingoni ile nyama ya kidari tunayoiita luliki. Bila mjomba, mtoto haendi popote.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Mama Nanjala. "Fundi, taa ni ya kijani lakini haiendi. Inafika karibu kuisha halafu inaanguka."

"Zima, uwashe," nikasema. Nilikuwa nanoa kisu.

Akapiga tena. Zima, uwashe. Akapiga mara ya tatu, nikamwambia apige nambari ya huduma kwa wateja. Alipiga. Akawekewa muziki. Baadaye akajibiwa kwa upole kwamba malalamiko yake yamepokelewa na yatashughulikiwa ndani ya siku tatu. Kwa laini ya nyumbani, hiyo ni huduma nzuri. Si kosa la yule aliyepokea simu. Fomu yake ilisema Nyumbani, na nyumbani mtu anaweza kungoja siku tatu.

Akafunga karatasi zake kwenye nailoni, akabebwa na bodaboda hadi Kitale. Akaingia cyber ya kwanza, ikagoma. Ya pili, ikagoma. Zote zilitumia modemu kama yake. Mimi ndiye niliyewauzia.

Ilikuwa kama saa tano na nusu aliponipigia tena. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo lilinitisha.

"Wafula, niko mbele ya duka yako. Nimeshika kufuli. Naona dishi yako huko juu. Hiyo inafanya?"

Ilikuwa inafanya. Laini ya biashara, mchana kweupe, haina mtu hata mmoja anayeitumia, iko ndani ya duka lililofungwa, na funguo ziko mfukoni mwangu Bungoma.

"Nakuja, mama," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

Na hapo hapo nikasikia kengele, zile anazopiga kijana anayekwenda kutahiriwa. Mpwa wangu anakuja na watu wake, wanaimba, vumbi linapanda, dada yangu yuko mbele analia kwa furaha. Niambieni, mngefanya nini? Nilisema, nimvike luliki kwanza, ni kitu cha dakika chache. Lakini ng'ombe hachinjwi kwa dakika chache, na wazee hawaharakishwi. Kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia mtoto. Simu ilitikisika mfukoni mara mbili, mikono yangu ina damu. Nilipomaliza na kuingia kwenye gari la binamu yangu, jua lilikuwa limepita utosi.

Sikumbuki njia ile. Nakumbuka tu nilikuwa nakanyaga sakafu ya gari kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha, na binamu akiniambia, "Wewe tulia bana, utatoboa gari."

Saa nane na nusu tukafika. Mama Nanjala alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka langu, nailoni mapajani, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nikafungua, nikawasha, nikaweka karatasi zake kwenye skana, nikatuma.

Zikaenda. Wallahi zikaenda kabla sijavuta pumzi ya pili. Kitu kilichomshinda tangu asubuhi, kwa laini yangu hakikuchukua hata muda wa kukohoa. Akauliza, "Imeenda? Hivyo tu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kumbe."

Jibu likarudi haraka vilevile. Mnunuzi alishukuru, akasema nafasi wameshapewa wengine, akatutakia kila la heri.

Nililia, vijana. Nilikuwa mtu mzima mwenye damu ya ng'ombe kwenye shati, na nikalia mbele ya kompyuta. Yeye ndiye aliyenipa maji.

Pasheni zilikunja ngozi ndani ya stoo, wakauza walizoweza kando ya barabara. Mnunuzi hakuandika tena. Mimi wiki iliyofuata nilipanda paa la Mama Nanjala nikamfungia laini ya biashara, dishi jipya, mkataba na kila kitu, kwa jasho langu mwenyewe. Ilikuwa laini nzuri. Haikuwa na cha kupeleka. Mmoja baada ya mwingine wale akina mama waling'oa mipasheni, wakarudi kwenye mahindi, na kwa wengine waume walisema "si nilikuambia" hadi wakachoka. Nikipita njia ya Kwanza sikuangalia upande ule.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na wangu alikuja miaka mingi baadaye, nikiwa nimelala macho wazi. Kitu kimoja kikanijia, nikakaa kitandani wima: ningemwambia avunje kufuli! Kufuli lilikuwa dogo, la kawaida, jiwe moja lingelimaliza. Saa tano na nusu angekuwa ndani, saa sita karatasi ziko Nairobi. Na mimi nikasema nakuja. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia lala.

Mwaka jana nilimkuta Mama Nanjala Kitale, kwenye duka la mbegu. Amezeeka, mimi pia. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Lakini kile kitu kilikuwa kinanichoma, sikuweza kukibeba tena. Nikamwambia, "Mama, ile siku, kwa nini sikukuambia uvunje kufuli? Nimejiuliza hadi nimechoka."

Akaweka mfuko wake chini.

"Hata mimi niliwaza," akasema. "Nilichukua jiwe. Nililishika hapa mkononi. Halafu nikasema hapana, siwezi. Hii ni biashara ya mtu."

Akachukua mfuko wake wa mbegu za mahindi, akaniaga, akaenda. Mwenye duka alinisukumia kiti nikae, nikamwambia asante, sikai.